Tumbawe la Mize Halitaki Kukaa

Mize ana miaka sita. Anaishi Tanga, katika nyumba yenye bahari ndogo sebuleni.

Bahari hiyo ni tangi la kioo. Ndani yake mna maji ya chumvi, mchanga mweupe, na mwamba mmoja mkubwa wenye matundu.

Mwamba huo una uhai. Katika kila tundu anakaa mdudu mdogo wa baharini, na kila mdudu ana shughuli zake.

Juu ya mwamba yanakaa matumbawe. Yanafanana na maua, lakini ni wanyama, na hushika mahali pamoja maisha yao yote.

Tumbawe la juu kabisa ni la Shangazi Hadia, mwenye tangi. La Baba lina matawi saba. La kaka Mbwana liko kushoto, na lilibandikwa siku ya Jumanne, mvua ikinyesha.

Katika nyumba hii, mtoto akitimiza miaka sita hukatiwa tawi moja kutoka tumbawe la Shangazi. Hulibandika mwenyewe, kwa mkono wake.

Leo ni zamu ya Mize.

Shangazi akakata tawi. Kachu. Lilikuwa la zambarau, fupi kama kidole gumba cha Mize.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Shangazi. "Tumbawe likilala mchangani siku nyingi, hupauka likafa. Likishika mwamba, huishi."

"Litashika, Shangazi," alisema Mize.

Shangazi akampa udongo wa kubandikia. Mize akaukanda kama unga wa maandazi, nye, nye, nye, mpaka ukalainika.

Akatia tone la gundi. Akatia udongo. Akatia tone jingine la gundi. Kisha akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono majini.

Kandamiza. Zungusha. Shikilia.
Moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Mize akatoa mkono. Tumbawe likakaa.

Baada ya chakula cha mchana, pu. Tumbawe likaanguka mchangani.

"Tumbawe lako limechoka kusimama," alisema Mbwana. "Limeona heri likae kitako."

"Lako halikuanguka?" aliuliza Mize.

"Langu? Thubutu."

Shangazi akakohoa kidogo. "Mbwana, lako lilianguka mara nne. Nimeandika kwenye daftari la matumbawe."

Mbwana akaenda kunywa maji, ingawa hakuwa na kiu.

Mize akachungulia ndani ya tangi. Pale pale tumbawe liliposimama, sasa alikuwepo Sru.

Sru ni konokono mnene. Hutembea juu ya mwamba kutwa nzima, polepole. Sru, sru, sru.

"Ni wewe," alisema Mize. "Umelisukuma."

Sru akaendelea na safari yake. Sru, sru, sru.

Siku ya pili, Mize akachagua tundu lenye kina, ili Sru asilifikie. Akatia matone matatu ya gundi badala ya mawili.

Kandamiza. Zungusha. Shikilia.
Moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Mize akatoa mkono. Tumbawe likakaa.

Jioni, pu.

Safari hii hata Mbwana akainama kutazama kwa wasiwasi. Ncha ya tumbawe ilikuwa imeanza kupauka.

"Shangazi, libandike wewe," alisema Mize. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naweza," alisema Shangazi. "Lakini hapo litakuwa bandiko langu, si lako. Jaribu kesho mara moja tena. Likianguka, nitalibandika mimi, lisije likafa."

Shangazi akalilaza tumbawe katika kikapu kidogo kinachoning'inia majini, mbali na mchanga.

Mize akamwangalia Sru. Akamsonya.

"Haya, kapige mswaki ulale," alisema Shangazi.

Mize alikuwa na hasira. Akasukutua maji tu, akatema, akarudi.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Pitisha ulimi kwenye meno."

Mize akapitisha ulimi. Meno yaliteleza.

"Huo ni ukoga," alisema Shangazi. "Rudi."

Mize akarudi. Swa, swa, swa. Akapitisha ulimi tena, na sasa meno hayakuteleza hata moja.

Asubuhi, Mize akaokota mchangani ule udongo wa jana. Upande wake wa chini ulikuwa na ngozi nyembamba ya kijani.

Akaigusa. Iliteleza.

Akaingiza mkono majini, akaugusa mwamba. Nao uliteleza.

"Shangazi," alisema Mize, "mwamba una ukoga. Gundi imeshika ukoga, haikuushika mwamba."

Shangazi akaweka chini kikombe chake cha chai. "Endelea," alisema.

Mize akatafuta mahali pasipoteleza. Palikuwa na njia moja tu nyembamba, safi, inayopinda huku na huku.

Mwisho wa njia alikuwepo Sru. Sru, sru, sru.

Mize akaifuata njia ile kwa kidole, mpaka kwa Sru.

"Kumbe Sru anaupigia mwamba mswaki," alisema.

"Utelezi huo ndio chakula chake," alisema Shangazi. "Ila mwamba ni mkubwa, na yeye ni mmoja."

"Samahani, Sru," alisema Mize. "Nilikusingizia."

Sru alikuwa anakula.

"Mwambie asubiri," alisema Mbwana kutoka mlangoni. "Nina mswaki wa kumsaidia. Ule wa zamani, Mize. Usije ukachukua mpya."

Mize akapanda juu ya kigoda. Akasugua mwamba kwa mswaki wa Mbwana. Swa, swa, swa.

Akagusa kwa kidole. Pakakwaruza.

Akakanda udongo, nye, nye, nye. Akatia tone la gundi. Akatia udongo. Akatia tone jingine la gundi.

Kandamiza. Zungusha. Shikilia.
Moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Mize akatoa mkono. Tumbawe likakaa.

Mchana, tumbawe lilikuwepo. Jioni, tumbawe lilikuwepo.

Kisha Sru akaja. Sru, sru, sru, moja kwa moja mpaka kwenye tumbawe la Mize.

Mize akaziba macho. Halafu akafungua vidole viwili, aone kidogo tu.

Sru akapanda juu ya udongo. Akasukuma. Akasukuma tena.

Tumbawe halikutikisika. Sru akalizunguka, akaenda zake.

Shangazi akafungua daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Mize. Miaka sita. Tumbawe liko kulia. Lilianguka mara mbili."

"Lazima uandike kwamba lilianguka?" aliuliza Mize.

"Lilianguka au halikuanguka?"

"Lilianguka," alisema Mize. "Basi mwandike na Sru."

Shangazi akaongeza mstari mmoja: Wapiga mswaki, Sru na Mize. Mswaki wa Mbwana.

Kisha Mize akapiga mswaki wake mwenyewe. Swa, swa, swa. Hakuna aliyemrudisha.

Akapanda kitandani. Shangazi akakandamiza ncha za shuka. Mize akajizungusha ubavu, akaushikilia mto.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Kumi hakuifikia.

Na kule sebuleni, Sru akaendelea na kazi. Sru, sru, sru.

Hakuna pu.