Aliyeitika Jina Langu

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Monduli nilipotoka na mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilikuwa na hasira. Mungu anisamehe, siku hiyo sikuwa nimesali hata neno moja. Nilikuwa nimetoka mahakamani mjini, na kesi yangu ilikuwa imeahirishwa tena.

"Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema, kama kawaida yake.

Upelelezi gani? Ndama wa jirani yangu Lekishon aliingia bandani kwangu usiku wa mvua kubwa, nikamfunga pamoja na wa kwangu asije akapotea. Asubuhi, kabla sijamaliza chai, Lekishon yuko getini na polisi. Nikashtakiwa kwa wizi wa mifugo. Kosa langu nalijua. Ningepiga yowe usiku uleule majirani wakaja kushuhudia, lakini niliona uvivu kulowa. Mwizi mimi siyo. Nilichotaka ni hakimu alitamke hilo tu, nirudi kukaa kanisani bila watu kuniangalia pembeni.

Sasa, pale mahakamani sisi tulio nje kwa dhamana tunakaa kwenye mabenchi ya barazani. Karani, dada mmoja anaitwa Anjela, anatoka mlangoni anaita majina. Jina linaitwa mara tatu. Usipoitika, umeruka dhamana. Siku moja niliitwa nikiwa chooni. Narudi, nakuta hati ya kunikamata imeshatoka. Nililala mahabusu, na shemeji yangu Tajeu aliyenidhamini nusura afungwe kwa ajili yangu.

"Shemeji," aliniambia nilipotoka, "sikuombi kitu kingine. Ukisikia jina lako, itika. Hata kama umechuchumaa, itika humohumo."

Tangu hapo nikawa kama kuruta. Jumapili moja mwinjilisti alinitaja kwenye matangazo, nikasimama mkono juu: "Nipo, mheshimiwa!" Kanisa zima likaangua kicheko. Mke wangu Namnyaki alijifunika kitenge usoni.

Basi jioni ile nilikuwa nimeinama kando ya mfereji, chini ya migomba. Giza lilikuwa linaingia. Nikasikia harufu... kama ngozi ya ng'ombe iliyolowa ikaanza kuoza. Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Loishiye Lesian!"

Ilikuwa sauti ya Anjela. Ileile ya puani, inayovuta mwisho wa jina.

"Loishiye Lesiaaan!"

Sikufikiri. Nilinyooka, mundu mkononi, mkono juu.

"Nipo!"

Hakuna mtu aliyetokea.

Kisha, karibu kabisa na sikio langu, watu wengi wakanong'ona kwa pamoja:

"Tumekusikia."

Nilikimbia. Majani niliyaacha palepale.

Nyumbani niliingia sebuleni nikakaa nikihema. Mke wangu alikuwa jikoni na mama yangu, ambaye wote tunamwita Yeyo.

"Baba Nice!" Namnyaki aliita.

"Naam."

"Baba Nice! Chai utakunywa?"

"Ndiyo, nipo huku."

Akatokea mlangoni, mkono kiunoni. "Nakuita unanyamaza. Hakimu ndiye kakukosea, mimi nimekukosea nini?"

"Mbona nimeitika mara mbili?"

Hilo alilisikia. "Umeitikia wapi? Yeyo, njoo umsikie mwanao."

Yeyo alikuja taratibu, akasimama mbele yangu. "Loishiye," akaita.

Nikaitika. Alikuwa anaangalia midomo yangu.

"Jioni hii umeitwa na nani?" akanong'ona.

Nikajibu, hakusikia; nikamwonyesha kwa kidole giza la kule mferejini. Akakaa chini kwenye sakafu, yeye na miguu yake mibovu.

"Jina lako likiitwa jioni na mtu usiyemwona, usiitike. Hilo sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, Yeyo. Mahakama ikanifundisha vingine."

Tulisali. Mwinjilisti alikuja akaniwekea mikono, akakemea mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa naongea vizuri tu, naimba, nagombana. Lakini nikiitwa nikaitika, au nikiulizwa nikajibu lile nililoulizwa, hakuna aliyesikia. Mimi mwenyewe nilijisikia. Wao waliona midomo tu.

Siku ya kesi nilifika mapema na Tajeu, naye akatangulia kuingia ndani. Mimi nikakaa benchi la mbele kabisa. Anjela akatoka.

"Loishiye Lesian!"

"Nipo!" Nikasimama. Nikapunga mikono yote miwili kama mtu anayezama. Anjela hakunitazama. Alitazama nyuma yangu, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Kitu kikanipita begani. Baridi... na ile harufu.

Nikaenda mlangoni, askari akaniwekea mkono kifuani.

"We mzee, tulia. Ngoja jina lako."

"Si ndilo limeitwa sasa hivi!"

"Aliyeitwa ameshaitika na ameshaingia. Usinitafutie ubaya."

Nikakimbilia dirishani. Kizimbani alisimama mtu amenipa mgongo. Alivaa koti langu, na mimi koti langu nilikuwa nalo mwilini. La kwake lilikuwa linachuruzika maji.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, "shtaka umesomewa. Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli!" nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Si kweli, mheshimiwa!"

Hakuna aliyegeuka. Hilo nalo lilikuwa jibu.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema yule wa kizimbani.

Kwa sauti yangu.

Akasomewa maelezo yote. Ndama, banda, kamba. Akakubali moja baada ya jingine, kwa upole, kama mimi ninavyokubali mambo. Kesi iliyonitesa muda wote ule ikaisha kabla chai ya saa nne haijapita. Kifungo. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, wakampandisha karandinga.

Tajeu alitoka anafuta machozi. Aliponiona pale dirishani alishika nguzo.

"Shemeji... si wamekupandisha kwenye gari sasa hivi?"

"Siyo mimi yule, Tajeu."

Akarudi nyuma, hatua kwa hatua. Kisha akakimbia.

Nikaenda masjala. Nilitaka kukata rufaa. Anjela alikuwa mezani anakula andazi.

"Jina la mshtakiwa?"

Nikalitaja.

"Kaka, nakuuliza jina."

Nikalitaja tena. Nikalipaza. Watu wa nyuma wakaanza kulalamika, huyu vipi, atupishe. Nikaomba kalamu, nikaandika kiganjani nikamwonyesha.

"Ah, huyu amekiri mwenyewe," alisema. "Aliyekiri atakata rufaa ya nini? Wewe ni ndugu yake? Maana mmefanana."

Nililia njiani kama mtoto. Sikuogopa tena, jamani, nilichoka. Mtu anakiri kosa ambalo sijafanya, na mimi ninayekataa sina pa kukatalia!

Kabla ya giza la siku hiyo Lekishon, ambaye Tajeu alikuwa ameshamweleza, alikuja mpaka getini. Hakuingia. Macho yake yalikuwa chini.

"Loishiye, mimi nilichoka na kuahirishwa. Kwenda mjini, kurudi, shamba linalala. Nikaenda kwa mzee mmoja huko juu msituni. Alitaka jina lako tu, lile linaloitwa mahakamani. Akasema utakiri mwenyewe." Akatazama barabarani. "Sikujua atakiri mwingine."

"Rudi kwake amtoe."

"Nimetoka huko sasa hivi. Anasema yeye huwa anaita tu. Kinachoitika, yeye hakijui."

Akaondoka haraka, bila kuaga.

Namnyaki alisema ni uongo wote huu, nimetoroka na ninajificha nyuma ya mapepo. Baadaye akaenda gerezani ajionee. Alirudi akaenda moja kwa moja jikoni. Juma lililofuata akaenda tena. Nilimuuliza yukoje. Akasema amekonda, anakohoa, anauliza kama Nice anasoma vizuri. Anauliza na kama mimi bado nipo.

"Ukamwambiaje?"

"Nilinyamaza."

Leo asubuhi amepanga tena kikapu. Sabuni, dawa ya meno, na ile sweta aliyonifumia tulipooana.

"Usiende, Namnyaki," nikamwambia. "Mumeo ni mimi. Yule sijui ni nini."

"Labda." Alikuwa anafunga kitambaa juu ya kikapu, fundo haliishi kukazwa. "Lakini kule nikimwita anaitika, Baba Nice. Nimeolewa na mtu anayeitika."

Akaja mpaka mbele yangu. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama machoni.

"Baba Nice," akaita taratibu.

Nikaitika.

Akasubiri kidogo, kama anayenipa nafasi. Kisha akachukua kikapu chake akatoka.