Mafuta, Andika Mawili

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, mama yake Chiriku hupika sabuni uani. Jina la Chiriku alilitoa mjomba, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyo haukujua kupumzika. Mjomba alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na safari hii alimtengenezea dada yake moja ya kukadiria faida ya sabuni kwa mwaka mzima. Mama alitaka kujua kama aache kazi ya kushona kiwandani, akodi chumba, apike sabuni tu.

Mama alitaja, Chiriku akabonyeza. Alipouliza mafuta ya kila mpiko, mama alijibu huku akikoroga, "Andika mawili." Chiriku akaandika 2. Faida ikatokea, imenona. Mama akamshukuru Mungu, akasema Jumatatu ataaga kiwandani.

Jumatatu asubuhi, Chiriku alisogeza debe la mafuta ili afagie. Likamlemea, akasimama. Mama alisema mawili. Lita zingekuwa mbili. Mawili ni madebe! Na bei aliyoiweka mjomba ilikuwa ya lita moja.

Mama alikuwa akijifunga kilemba huku akiimba. Nani amharibie siku? Tena ni yeye Chiriku aliyejigamba kuwa hesabu hazimpigi chenga. Malapa yakasikika yakielekea mlangoni.

"Mama, usiage bado," alisema. "Kompyuta imehesabu lita. Wewe ulisema madebe."

Mama aliketi kizingitini. "Lita mbili ni za kukaangia mayai, mwanangu," alisema taratibu. Hakumgombeza. Akaenda kazini, akashona kama kawaida.

Jioni mjomba alicheka, kisha akakiri kwamba kosa lilikuwa lake pia, maana programu yake ilimeza namba tupu. "Kompyuta haina pua, dada. Hainusi kama hili ni debe au lita."

Akaibadilisha, kila namba ibebe kipimo chake. Chiriku akajaribu kuandika 2 peke yake; maandishi mekundu yakamkatalia. Akaandika madebe mawili, yakageuka lita arobaini. Faida ikakonda, lakini haikufa. Mama angeendelea kushona mpaka wateja waongezeke, na chumba kingemngoja.

Alimvuta Chiriku karibu. "Mgeni akibisha hodi, huulizwa yeye ni nani. Namba nayo iulize: ni ya debe au ya lita, ya siku au ya mwezi? Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Ungenyamaza kuficha aibu yako, leo nisingekuwa na kazi."