Chujio la Kitenge

Muteba alikutwa amekufa ndani ya kabini ya lori lake, saa mbili asubuhi, pale barabara ya Kabondo-Dianda inapovuka reli. Treni ya makaa ya mawe kutoka Luena ilikuwa imelisukuma lori hilo mita arobaini.

Brigadia Kalonji alifika huku kola ikimkwaruza shingo. Mkewe, Clotilde, alikuwa ameitia wanga wa muhogo hadi ikasimama kama ubao. Mwaka huo wa 1957 Kalonji alitimiza miaka ishirini na mitatu ya upolisi, na alikuwa amechoka. Yeye alipeleleza, komiseri wa Kizungu alisaini.

Patroni, yaani bosi mwenye malori, alikuwa ameshawasili.

"Alilewa," alisema. "Andika hivyo, komiseri asaini leo."

Hilo "alilewa" halikuwa neno dogo. Dereva akifa kazini, mjane wake alibaki na nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Akifa mlevi, mjane alifungasha kabla mwezi haujaisha. Muteba alimwacha mkewe Tshiela na watoto wanne.

Kabwe, mlinzi wa reli, ndiye aliyeshuhudia.

"Alikuwa mulevi?" Kalonji alimuuliza.

"Hapana, chef. Camion ilizimika palepale juu ya reli. Alishuka, akafungua capot, akarudia kukaa ku volant. Nilimuita, 'Toka!' Akasema itawaka tu."

"Iliwaka?"

"Hapana. Moteur ilikwisha kushikana, haizunguki tena."

Daktari naye hakukuta pombe mwilini. Lakini neno la patroni lilikuwa na uzito, na Kalonji alitaka kitu cha kushika mkononi. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Yalikuwa yamejaa. Akayasugua kati ya vidole: meusi, kama ya dizeli yoyote, lakini mororo, bila chembe hata moja ya mchanga. Katika vumbi lote lile la barabara ya Kamina! Mtu huyu aliyalea mafuta yake, na mlevi hana subira hiyo. Sasa injini ilikufaje?

Akafungua kopo la chujio. Ndani hamkuwa na chujio la kiwandani, bali vipande vya kitenge vilivyoviringishwa na kushonwa kwa ustadi. Lori lile kuukuu halikuwa na njia nyingine ya mafuta ila kupitia hapo. Upande wa nje kitambaa kilikuwa kimelowa. Upande wa ndani kilikuwa kikavu, tena kigumu. Mafuta hayakupita, beringi zikayeyuka.

Kalonji aliujua ugumu ule. Alikuwa nao shingoni.

Katika dispansari, Phébé muuguzi alidondosha tone la iodini juu ya kile kitambaa. Kikageuka buluu ya kuelekea weusi.

"Amidon," alisema Phébé. "Ya mihogo. Njo ile tunatia mu manguo."

Kisha Kalonji akaenda kwa Gaston, mtunza bohari la patroni, kuulizia machujio.

"Filtre za mupya haziko?"

Gaston alitazama mlango kwanza. "Ziko. Caisse mbili."

"Kwa nini Muteba hakupata?"

"Patroni alikataza. Ni za camion za Bazungu tu. Muteba aliomba miezi kumi na moja, kisha akaanza kutengeneza yake na bitambaa. Zilikuwa zinachuja muzuri, chef. Lakini siye tulikuwa tunamucheka."

Tshiela alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake wa msiba. Kalonji alimwita nyuma ya nyumba.

"Mama, nani alikuwa anashona filtre ya Muteba?"

"Miye."

"Na amidon?"

Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Miye njo nilitia. Ku garage balikuwa banamucheka, anarudia na haya. Nikasema, hii itasimama, itakuwa sawa ya Ulaya. Nikaitia amidon, nikapiga pasi. Sikumwambia. Jana alipoiona alifurahi, baba. Alisema, 'Tshiela, sasa hawatacheka.'" Akamshika mkono. "Njo ilimuua?"

Kalonji alikuwa amesikiliza maungamo mengi, lakini hili angetoa chochote asilisikie. Sheria ilitaka jina, na jina alikuwa nalo.

"Hapana, mama. Balimunyima filtre ya mupya. Njo ilimuua."

Ilikuwa nusu ya ukweli. Aliamua nusu hiyo itatosha.

Aliandika: dereva hakulewa, injini ilishikana kwa kukosa chujio jipya, na makasha mawili ya machujio mapya yamo boharini, yamezuiwa kwa amri ya patroni. Wanga hakuutaja. Komiseri alisoma mara mbili, akashusha pumzi, akasaini. Tshiela alibaki na nyumba.

Jioni, Kalonji alikichoma kile kitambaa katika jiko la nyumbani kwake. Clotilde alikuwa akikoroga wanga kwa ajili ya shati la kesho.

"Kola ya leo ilikuwa muzuri?"

Kalonji aligusa shingo yake iliyochubuka.

"Ilikuwa muzuri sana," alisema, akaketi karibu naye mpaka wanga ukaiva.