Maua Yanayopenda Jua

Fundi cherehani alifanyia kazi sebuleni, karibu na dirisha. Pembeni yake alikaa mama mkwe, akifumua nguo zilizokosewa. Bibi huyo alihamia kwao baada ya kuvunjika mguu. Mguu ulikuwa umepona, na daktari alimhimiza atembee. Lakini hakutaka kutoka nje.

"Nitoke niende wapi?" alisema. "Kwangu nilikuwa na maua. Hapa nitazame vumbi?"

Maneno hayo yalimwingia fundi. Akanunua mimea yenye majani mapana, laini, akaipanda mbele ya nyumba. Kila adhuhuri alitoka na ndoo akainyunyizia maji. Haikuchukua muda, majani yakakauka kingo, kisha mimea ikafa. Akapanda mingine. Nayo ikafa.

Mumewe, dereva wa lori, aliporudi safarini alitikisa kichwa.

"Mke wangu, tumwage zege hapa, yaishe. Jua hili halina mchezo."

"Na mama?"

"Mama si anakaa ndani tu?"

Bibi alisikia. Aliinamia nguo yake, akafumua hata mshono uliokuwa mzuri.

Kesho yake fundi alikwenda ng'ambo ya barabara, kwa jirani aliyekuza miche ya kuuza. Mtaani walimwita Mama Miche.

"Dada, mkono wangu una nini? Kila ninachopanda kinakufa."

"Mkono wako hauna neno," Mama Miche alicheka. "Twende nikaone."

Alipofika aliuliza, "Jua linapiga hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi mpaka linazama."

"Basi. Ile ilikuwa mimea ya kivulini, nawe umeitia kwenye kikaango. Panda inayopenda jua, kama bogenvilia na alovera."

Alichomeka kidole kwenye udongo. Juu palikuwa na unyevu, chini pakavu kama majivu.

"Tena unamwagilia juu juu. Maji ya adhuhuri hukauka kabla ya kufika kwenye mizizi. Mwagilia asubuhi mapema, polepole, karibu na shina, mpaka yazame. Kisha pima kwa kidole. Ndani pakiwa na unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwagilia."

"Lakini alovera msiizidishie maji, itaoza," sauti ilisema mlangoni.

Wote wawili waligeuka. Bibi alikuwa amesimama, ameshika fimbo yake.

"Mama! Kumbe unajua? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Nami niliogopa. Mgeni nyumbani kwa mwanawe akianza kuelekeza, ataitwa mkorofi."

Fundi alimletea kiti hadi nje. "Kaa hapa, mama. Elekeza utakavyo."

Na kweli alielekeza. Dereva alichimba mashimo jasho likimtoka. Walichanganya udongo na mboji. Bogenvilia waliipanda ukutani, alovera na rosmari, kiungo chenye harufu nzuri, mbele yake, wakiiachia mimea nafasi ya kutanuka. Mwisho walitandaza nyasi kavu ili udongo usipoteze unyevu.

"Zisiguse shina," bibi alionya. "Shina huoza."

Miche ikiwa bado michanga, waliikagua kila asubuhi na kuimwagilia mara kwa mara. Iliposhika mizizi, walipunguza. Bibi alikata matawi makavu ili mapya yachipue. Leo alifika kwenye alovera, kesho kwenye ukuta, keshokutwa kwenye geti. Bogenvilia ikachanua, nyekundu tupu, na wateja wa fundi wakaanza kuomba vipandikizi.

Asubuhi moja fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaona bustani haina mtu. Alitoka mbio mpaka barabarani, akaita. Bibi aliitikia kutoka kwa Mama Miche, katikati ya miche, akimwonyesha mteja jinsi ya kupunguza matawi.

"Mama! Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Kwani nimeota mabawa?" Bibi alimpungia mkono. "Nenda kashone, mwanangu. Mimi huku bado nina kazi."