Tawi la Ewoi kwenye Tanuri la Mama

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Nakuleu alimsaidia mama yake kupanga mikate kwenye makreti. Tanuri lao la udongo lilikuwa nyuma ya nyumba, mjini Kakuma, na mikate yake ililiwa mjini hadi ndani ya kambi ya wakimbizi. Shida ni kwamba tanuri lilikuwa dogo, na wateja wengine walirudi mikono mitupu. Ndiyo maana mama aliomba mkopo katika benki moja ya Lodwar, ajenge kubwa.

Benki ilimpa sharti. Achome kuni za mathenge tu, mti wa miiba unaoenea kila mahali kama magugu. Mti wa ewoi, ambao maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi, usiguswe. Kuni zililetwa na Mzee Lokorio kwa punda wake.

Jumamosi moja Lokorio aliugua malaria, na Nakuleu akatumwa badala yake. Miiba ya mathenge ikamchoma mpaka machozi yakamtoka. Kando ya mto Tarach, uliokuwa mkavu, aliona mti wa ewoi wenye tawi nene lililoinama. "Nani atajua?" akajiambia. Akalikata, akalifunika kwa mathenge kidogo, akawahi nyumbani. Mama alimsifu kwa bidii yake, naye akashindwa kumtazama usoni.

Jumatatu asubuhi, Lokorio akiwa amepata nafuu na kurudi kazini, Bwana Erupe, afisa wa mikopo, alifika kutoka Lodwar. Alipindua rundo la kuni.

"Mama Nakuleu, hii si ewoi?"

"Ewoi? Mimi nilikataza!" Mama alimgeukia Lokorio, aliyekuwa akishusha mzigo. "Kumbe ni wewe unaniharibia?"

"Mimi siwezi kata ewoi, mama. Mbuzi yangu inakula hiyo."

"Usinidanganye! Kuni ya hapa unaleta wewe, mtoto wangu alileta mara moja tu, na ilikuwa mathenge. Chukua punda yako, uende!"

Lokorio alirudia neno lilelile, kisha akaondoka. Bwana Erupe akasema mkopo utasimama kwanza. Nakuleu alikuwa pale pale, akainamia makreti na kuendelea kupanga mikate. Alijichukia.

Shuleni aliketi dawati moja na Amuria, mjukuu wa Lokorio. Kila siku Amuria alikuja na mkate ambao babu yake alipewa kazini. Jumanne hakuja na chochote. Wakati wa mapumziko alikunywa maji tu, akamwambia Nakuleu, "Babu amefukuzwa. Eti alikata ewoi, na hata hajui nani aliikata."

Nakuleu hakuweza kuvumilia zaidi. Jioni alimkuta mama akipepeta unga.

"Mama, ni mimi nilikata ewoi. Mzee Lokorio hana kosa."

Mama aliweka ungo chini. "Na ukaniacha nikamfukuza?"

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

Mama alikasirika sana, lakini alimpigia Bwana Erupe simu palepale, akampa Nakuleu aseme mwenyewe. Bwana Erupe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Benki haiangalii mauzo peke yake, Nakuleu," alisema. "Ewoi zikiisha, mbuzi watakufa. Mfugaji asiye na mbuzi atanunua mkate kwa pesa gani? Na mama yako atalipa mkopo kwa pesa gani? Mwambie ombi lake litaendelea. Lakini nitakuja kukagua kuni, na sitawaambia mapema siku ya kuja."

Kisha mama na mtoto wakaenda kwa Lokorio.

"Mzee, aliyekata ewoi ni Nakuleu, nami nilikuhukumu bila kukusikiliza," mama alisema. "Nisamehe, urudi kazini."

"Kesho nitaleta kuni," Lokorio alijibu. Halafu akamtazama Nakuleu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa akilia.

"Siku ile nilisema ukweli, hakuna mtu alinisikia," alisema polepole. "Mtu moja tu alijua sisemi uongo. Ni wewe. Siku ingine ukijua mtu anasema ukweli, usimwache peke yake."