Pini ya Sufuria

Jiko lao lilikuwa dogo hivi kwamba mtu akifungua kabati, mwenzake lazima atoke nje. Ndiyo maana mama, fundi wa sufuria, alibuni seti ya sufuria tatu zinazoingiana, zenye mpini mmoja wa kubandika na kubandua. Mpini huo ulishikiliwa na pini ndogo ya chuma. Kila jioni binti yake, aliyeitwa Kiherehere kwa kuwa hakuna asichokigusa, aliziosha na kuzipanga.

Jioni hiyo aliichomoa pini, akaichezea juu ya karo. Ikamponyoka, ikatumbukia kwenye tundu la maji machafu. Moyo ukamlipuka. Mama alikwishamwonya asiiguse! Haraka haraka akachomeka njiti ya kiberiti mahali pake. Mpini ukashika. Sufuria ilikuwa tupu, lakini hilo hakutaka kuliwaza.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Kila kitu kiko sawa."

Hata mikono haijamkauka, mama akampelekea seti hiyo Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili.

"Pikia leo, dada, kisha uniambie kasoro zake."

"Nikizipenda sirudishi!" jirani akacheka.

Kiherehere akafungua kitabu, asisome hata neno. Kupitia ukutani alisikia mapacha wakikimbizana miguuni pa mama yao. Akisema, mama hatamruhusu tena kugusa kazi yake. Asiposema, je, njiti ile itahimili sufuria iliyojaa? Jibu alilijua.

"Watoto, pisheni, naipua supu!"

Kiherehere akachomoka mbio. "Mama Mapacha, usiipue! Mpini hauna pini, nimeweka njiti!"

Jirani akaganda, mkono umeshika mpini. Alipoutikisa kidogo tu, njiti ikakatika. Mpini ukabaki mkononi, sufuria ikabaki jikoni ikitokota. Kiherehere akaangua kilio.

Mama alifika akihema, akautazama mpini, kisha mapacha.

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Hata mimi sasa nimeogopa," mama akasema, akimvuta karibu. "Kasoro nimeiona: pini inahitaji mnyororo. Kesho utanisaidia kuifunga. Lakini ukiharibu kitu, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka. Pini ikipotea, mwanangu, nitachonga nyingine. Watoto hawa wakiungua, nitachonga nini?"