Sauti ya Kadani ya Nyuma

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa chini ya gari, jipu ya Komisera wa Zone, mkuu wa wilaya yetu, natafuta sauti.

Kazi ya kawaida. Gari linaloendesha magurudumu yote manne lina mahali pengi pa kutoa mlio, na fundi huchunguza sehemu moja moja. Unakanyaga mafuta: likivuma, ni diferansieli, zile gia za katikati ya ekseli. Unaachia: likigonga, ni viungo vya kadani, vile vyuma virefu vinavyopeleka nguvu mbele na nyuma. Unakata kona: likilalamika, ni gololi za gurudumu. Siku tatu nilifanya hayo yote, bisibisi sikioni, kama daktari aliyenyang'anywa kipimo.

Sauti haikujali. Kona, mlima, tambarare, yote sawa kwake.

Ko. Ko-ko-ko. Ko.

Kimya... halafu tena.

Kesho yake asubuhi Komisera alitaka kwenda Kalima kuwaeleza wachimba bati jinsi walivyo na furaha. Fomu ilingoja sahihi yangu kwamba gari ni zima. Bila sahihi, kosa ni la dereva. Na dereva anayeharibu mali ya Taifa ana jina lake, mhujumu, na mahali pake, kasho, chumba cha mahabusu. Dereva alikuwa shemeji yangu Nestor. Serikali ililifuta jina hilo la Nestor, pamoja na majina yote ya Kizungu, mwaka sabini na mbili, lakini dada yangu Jeannette, mke wake, hakupata waraka.

Kwa hasira nikafungua kadani zote mbili, nikazilaza juu ya gunia. Bila kadani gari huteremka tu kama toroli. Nestor akashika usukani, nikasukuma, likashuka mteremko wa gereji hadi getini, mita hamsini.

"Shemeji, imeisha," aliita kutoka chini. "Nasikia kimya tu."

Kwake iliisha.

Mimi nilibaki juu, karibu na gunia.

Ko. Ko-ko-ko. Ko.

Kadani ya nyuma ililala palepale, haitikisiki. Niliigusa. Baridi. Maji. Harufu ya tope la mto ikanipanda puani, na kwenye kiungo chake mchanga mwembamba ukamwagika, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua kiganja. Chuma hicho kilitoka stoo mwezi uliopita pamoja na karatasi yenye mihuri mitatu, kila mmoja ukiapa kwamba ni kipya.

"Nani anapiga?"

Alikuwa Adolphine, mama anayekaanga ndizi nyuma ya ukuta wetu. Aliingia bila hodi, mikono inang'aa mawese. Mume wake Asumani alikuwa dereva. Mwaka uliotangulia gari lake liliteleza kutoka kwenye kivuko cha Lokandu likazama mtoni. Gari lilivutwa likatoka. Asumani hakuonekana.

Nikamwambia hakuna mtu anayepiga.

"Ile njo jina ya Asumani," alisema, chini kwa chini.

Nikaelewa nusu: hilo ndilo jina la mumewe, kwa mapigo. Kwao Lokandu kila mwanaume ana jina lake la ngoma. Baba yake humpa, naye huitwa nalo kutoka ng'ambo ya maji. Akifa, linapigwa mara ya mwisho na kufungwa. La Asumani halikufungwa: bila maiti, ndugu walikataa, wakangoja. Na mtunza stoo, badala ya kuagiza chuma, alikuwa amevua samaki wake mtoni: kadani ya gari la Asumani.

Adolphine akaokota nyundo yangu, akaigeuza, akaanza kupiga rimu kuukuu kwa mpini. Polepole. Jina, kisha mapigo marefu ya kulifunga, ambayo sitayaandika hapa. Hakulia.

Kimya.

Nikahesabu hadi mia moja. Kimya tupu. Nikaanza kuitafuta kalamu yangu mfukoni.

Ko-ko. Ko... ko-ko-ko-ko.

Jina lingine.

Adolphine aliweka nyundo chini kama kitu cha moto. Nilimwuliza ni la nani. Alitazama getini, ambako Nestor alikaa ndani ya jipu akipiga mluzi.

"Baba yake alimupatia ile jina kule Lokandu," alinong'ona. "Yeye alitoka kule mutoto mudogo, haijue. Asiendeshe ile gari."

"Lakini yeye ni mzima."

"Muzima njo anaitwaka na maji, patron."

Usiku uleule niliomba kadani itupwe. Mtunza stoo alinijibu kwamba chuma kipya cha Taifa hakitupwi bila kamati, na kamati haikutani bila petroli. Kwenye fomu, "aina ya ubovu" ilipewa mistari miwili. Nilikaa mbele ya mistari hiyo muda mrefu. Mwishowe nikaandika: chanzo hakijulikani. Sikutia sahihi: heri kasho kuliko mto.

Nilimweleza Nestor kila kitu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi.

"Imeisha, shemeji," alisema askari walipomshika. "Mimi nilisikia imeisha. Wewe unataka nini kwangu?"

Fundi mwingine akaifunga tena kadani ileile. Dereva mwingine akaenda Kalima na kurudi, bila sauti hata moja. Komisera akaandika kwa mkono wake kwamba gari hilo halijawahi kuwa zima namna ile.

Nestor alilala kasho siku kumi na tisa. Jana barua ikatoka: amesamehewa, anarudi kazini, jipu ileile. Jumatatu anampeleka Komisera Lokandu.

Nimekwenda kwake, mtaa wa Mikelenge, mara tatu. Leo jioni Jeannette alikuja hadi nyuma ya mlango, lakini hakufungua.

"Kaka, rudi kwako. Amesha kupiga pasi abakosti yake ya kazi. Umuache afurahi."

Nikamwambia yote kupitia mbao za mlango: mchanga, rimu, jina. Alinisikiliza hadi neno la mwisho, nilikuwa nasikia pumzi yake.

Kisha akafunga komeo la pili.